Kidato cha Nne: Funga Daftari, Shika Kalamu

Kila mwaka shule zikifunguliwa Julai, maswali yanayonifikia kutoka kwa watahiniwa wa kidato cha nne ni yale yale. "Nasoma mpaka usiku wa manane, kesho yake sikumbuki kitu." "Hisabati sijawahi kupata hata D, nifanyeje?" "Moku nimepata ziro, bado kuna haja ya kuhangaika?" "Nyumbani kazi ni nyingi, muda wa kusoma sina." Wazazi nao wana lao: mtoto anashinda na daftari mkononi, mbona matokeo hayabadiliki?

Kwa sehemu kubwa jibu langu ni moja. Wanafunzi wetu wengi wanasoma kwa macho, ilhali mtihani unapima mkono. Novemba hakuna atakayekuuliza umepitia ukurasa upi mara ngapi. Utapewa karatasi na saa tatu, nawe utatakiwa kutoa kilichomo kichwani na kukiandika, tena kwa Kiingereza katika masomo karibu yote. Kama hujawahi kufanya hivyo nyumbani, siku ya mtihani ndiyo itakuwa mara yako ya kwanza. Yote ninayokushauri hapa yanakusogeza kwenye kalamu, mapema iwezekanavyo.

## Anza na hesabu ya alama zako

Kabla ya kupanga saa za kusoma, jua unatafuta nini. Viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kwa kidato cha nne ni hivi:

- A ni alama 75 hadi 100, na inahesabiwa pointi 1.
- B ni 65 hadi 74, pointi 2.
- C ni 45 hadi 64, pointi 3.
- D ni 30 hadi 44, pointi 4.
- F ni chini ya 30, pointi 5.

Zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mwanafunzi mwenye C saba ana pointi 21, yaani daraja la pili. Mwenye B nne na C tatu ana pointi 17, na hilo ni daraja la kwanza. Hana A hata moja.

Nakuonyesha haya kwa sababu wengi wanakata tamaa wakidhani daraja la kwanza ni la wenye vipaji vya kuzaliwa navyo. C inaanzia alama 45. Hutakiwi kujua kila kilichoandikwa kitabuni. Unatakiwa ujue karibu nusu ya kila somo, lakini uijue kwelikweli, uweze kuiandika bila kutazama popote.

Chukua karatasi. Orodhesha masomo yako, mbele yake alama za mtihani wa karibuni, kisha herufi moja juu ya uliyonayo. Tazama masomo yaliyo karibu kuvuka mpaka. Mwenye 41 kwenye Jiografia anahitaji alama nne tu kupata C. Mwenye 58 kwenye Uraia anahitaji saba kupata B. Huko ndiko pointi zinakopatikana kwa haraka, na wengi hawakutazami kwa sababu wanahangaika na somo linalowatisha zaidi.

Tahadhari moja. Kuingia kidato cha tano kunahitaji angalau C tatu, na kombi unayoitaka ina masomo yake. Kama moyo wako uko PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), huwezi kuitupa Kemia kwa kuwa Uraia ni rahisi. Masomo matatu ya kombi yako yalindwe kwanza, mengine yafuate.

## Namna ya kusoma kwa kalamu

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ugumu wake uko kwenye kuuvumilia siku za mwanzo.

1. Chagua kipengele kimoja kidogo. Usiseme "leo nasoma Historia." Sema "leo nasoma sababu za Vita vya Maji Maji na kwa nini wapiganaji walishindwa."
2. Soma kurasa mbili au tatu kwa utulivu, mara moja. Usipige mistari kila mahali.
3. Funga daftari. Liweke mbali, chini ya kitanda ikibidi.
4. Kwenye karatasi tupu andika kila unachokumbuka: hoja, maelezo ya kila hoja, mifano, miaka, majina. Ukikwama, kaa na kukwama huko dakika mbili tatu kabla ya kufungua.
5. Fungua daftari, shika kalamu nyekundu, jaza ulichosahau na rekebisha ulichokosea.
6. Kesho, kabla ya kusoma chochote kipya, andika tena kipengele hicho bila kukitazama. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili au tatu.

Hatua ya nne ndiyo kusoma kwenyewe. Kumbukumbu inajengeka pale unapolazimika kuvuta jambo kutoka kichwani, na kila ukilivuta linakuwa jepesi kidogo kulivuta tena. Kupitia maandishi yale yale mara ya tano kunakupa hisia ya kujua, kwa sababu macho yameshayazoea. Mtu anaweza kutazama mpira kila Jumamosi kwa miaka kumi na asiweze kupiga krosi hata moja.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa sana. Mwanafunzi anasoma topiki Februari, anaiacha, anairudia Oktoba na kuikuta imeshatoweka. Mada iliyorudiwa mara nne kwa dakika kumi kumi inakaa kuliko iliyosomwa kwa saa nne mfululizo usiku mmoja.

### Mtaniambia hivi

"Njia hii inachukua muda mrefu." Ndiyo, mwanzoni utamaliza kipengele kimoja wakati rafiki yako amepitia vitatu. Baada ya wiki mbili mwulize akuandikie hata kimoja kati ya hivyo vitatu bila kutazama.

"Nikifunga daftari sikumbuki kitu kabisa." Basi umegundua mapema, na gharama yake ni karatasi moja. Punguza kipimo: soma aya moja, funga, andika sentensi mbili. Kesho aya mbili.

"Karatasi sina za kutosha." Tumia nyuma ya pepa za zamani, madaftari ya kidato cha kwanza yaliyobaki kurasa, hata ubao wa darasani jioni wenzako wakiwa wameondoka. Chaki na ubao ni walimu wazuri mno.

## Ratiba ya mtu mwenye kazi nyingine

Ratiba nyingi ninazoonyeshwa zinaanza saa kumi alfajiri na kuisha saa sita usiku, zimepakwa rangi, na zinakufa siku ya tatu. Usijipangie saa ambazo si zako. Kama uko shule ya kutwa, unafika nyumbani saa kumi na moja jioni, kuna maji ya kuchota na chakula cha kupika, basi una takriban saa mbili za kweli kwa siku. Saa mbili za kalamu, siku sita za wiki, zinatosha kukuvusha.

Gawa hivi:

- Dakika 20 za mwanzo: kuandika upya ya jana na ya wiki iliyopita, bila kutazama.
- Dakika 45: somo la kwanza, kipengele kipya.
- Mapumziko ya dakika 10. Simama, unywe maji, simu usiiguse.
- Dakika 45: Hisabati kwanza, hata dakika 30, kisha somo la pili.

Jumamosi asubuhi fanya pepa moja nzima kwa saa. Jumapili pumzika, nenda ibadani kama ni siku yako, fua sare, lala mchana.

Mnaokesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi, acheni. Usingizi ndio unaosaidia ulichosoma kikae. Ukilala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, utapata saa moja ya asubuhi iliyo bora kuliko saa tatu za kusinzia.

## Pepa za nyuma zina matumizi yake

Karibu kila mtahiniwa ana pepa za nyuma. Wachache wanajua kuzitumia. Kosa kubwa ni kununua kijitabu chenye maswali na majibu, kisha kukisoma kama hadithi. Swali, jibu, "aa, nilijua," unaendelea. Hukujua. Ulikubali tu kwamba jibu ni sahihi.

Fanya hivi:

- Kwa pepa za zamani zaidi, jibu maswali kwa mada. Umemaliza mada ya usanisinuru, tafuta maswali yote ya usanisinuru ya miaka iliyopita uyajibu kwa maandishi.
- Pepa za miaka mitatu ya karibuni zihifadhi. Zifanye Septemba na Oktoba, nzima, kwa muda kamili, daftari likiwa mbali.
- Sahihisha siku hiyo hiyo, na umwombe mwalimu akusahihishie angalau maswali ya insha. Mwalimu anayeona umeandika kurasa nne kwa hiari yako hakatai.
- Hakikisha na mwalimu kwamba muundo wa pepa unayofanya ndio unaotumika mwaka wako. Fomati hubadilika.

Kuna hazina moja ambayo hainunuliwi na karibu hakuna anayeigusa. Kila mwaka NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Ziko kwenye tovuti yake, bure. Humo wanaeleza swali lilitaka nini, waliofaulu walijibuje, walioshindwa walikosea wapi, na wameweka hata picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabaya. Mkuu wa shule au mwalimu wa somo anaweza kuzipakua. Kama hajafanya hivyo, nendeni wawili watatu mkamwombe kwa heshima. Ukisoma taarifa ya Historia ya mwaka mmoja tu, utaacha makosa ambayo wenzako watayarudia Novemba. Vitabu vya kiada navyo vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa shule zisizo na nakala za kutosha.

Pamoja na pepa hizo weka daftari la makosa. Kila unapopoteza alama, andika swali, ulichoandika, kilichotakiwa, na sababu. Sababu ziko tatu tu: sikujua, sikuelewa swali, au niliharakisha. Baada ya mwezi utaona ipi inakumaliza. Anayepoteza alama kwa kutoelewa swali hahitaji tuisheni nyingine ya mada. Anahitaji kujizoeza kusoma maswali.

## Hisabati, kwa mliokata tamaa

Hili ndilo somo ambalo kila mwaka watahiniwa wengi nchini hupata F, na ndilo ninaloulizwa zaidi. Tuanze na muundo wa pepa. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10, jumla 40. Yote yanajibiwa, kwa saa tatu.

D inaanzia alama 30. Maswali matano ya Sehemu A yaliyokamilika ni alama 30. Rudia kusoma sentensi hiyo, wewe uliyesema Hisabati haiwezekani. Unahitaji mada chache ulizozishika barabara, pamoja na alama za njia kwenye maswali usiyoyamaliza.

Hatua za mwenye kuanzia chini:

1. Rudi kwenye vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili. Sehemu, desimali, asilimia, milinganyo rahisi, kutoa mabano, alama za hasi na chanya. Wiki mbili hapo, bila aibu. Wengi hawashindwi matriksi. Wanashindwa kutoa hasi tatu kwenye mbili.
2. Chagua mada sita zinazojirudia na zenye njia inayofuata hatua: vipeo na logi, seti, uwiano pamoja na faida na hasara, mfuatano wa namba, takwimu, matriksi.
3. Kwa kila mada, fuata mfano wa kitabuni mstari kwa mstari. Funika. Fanya mfano ule ule peke yako. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, funika tena.
4. Fanya maswali kumi ya mada hiyo kabla ya kuhamia nyingine.
5. Mada tatu zikishakaa, zichanganye. Kwenye mtihani hakuna atakayekuambia "hili ni la logi". Kulitambua ni kazi yako.

Hisabati ifanywe kila siku, hata dakika 30. Ukiipa Jumamosi peke yake, kila Jumamosi utaanza upya.

Na tafadhali, onyesha kazi. Anayeandika jibu tupu akakosea anapata sifuri; anayeonyesha fomula, akaingiza namba, akateleza mstari wa mwisho, anapata alama za njia. Usiache swali tupu. Andika ulichopewa, andika fomula, chora mchoro.

Kwa wenye C tayari: alama zenu za kupanda ziko Sehemu B, hasa takwimu na mpango mstari, kwa sababu zinafuata hatua zile zile kila mwaka. Grafu ichorwe kwa penseli iliyochongwa na mizani iandikwe.

## Kiingereza cha kujibia

Wanafunzi wengi wanajua jibu na wanalipoteza njiani. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili mwelewe, mnajadiliana kwa Kiswahili, kisha pepa inakuja kwa Kiingereza. Sikukatazi kuelewa kwa Kiswahili. Elewa kwa lugha yoyote, lakini andika mazoezi yako kwa Kiingereza tangu leo, hata kama ni kibovu.

- Kila siku geuza hoja tatu ulizozielewa kuwa sentensi tatu kamili za Kiingereza. Fupi. Kiima, kitenzi, yambwa.
- Kwa kila mada tengeneza orodha ya maneno 15 hadi 20 ambayo bila hayo huwezi kueleza. Jifunze pia tahajia zake, hasa za Baiolojia.
- Jifunze maneno ya amri. *State* na *mention* yanataka utaje tu. *Explain* inataka hoja na maelezo yake. *Differentiate* inataka uweke vitu viwili ana kwa ana kwa kigezo kile kile. Usieleze kimoja mpaka mwisho ndipo uanze cha pili.
- Hesabu. Wakitaka hoja sita, toa sita. Hoja nane zilizorushwa bila maelezo hazizidi sita zilizoelezwa.

Kwa insha za Historia, Jiografia na Uraia, kila aya iwe na hoja moja: sentensi ya hoja, sentensi mbili za maelezo, mfano wenye jina la mahali au mwaka. Utangulizi usizidi sentensi tatu nne.

## Masomo mnayoyachukulia poa

Kiswahili hakijifaulishi chenyewe kwa kuwa unakizungumza. Wengi wanaangukia sarufi, na kwenye fasihi wanajibu kwa uchambuzi walionakili bila kufungua kitabu. *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba inasomeka kwa mchana mmoja. Isome yenyewe. Swali likigeuzwa kidogo, uchambuzi wa kukariri hauna la kusema, lakini wewe uliyesoma utakumbuka nani alifanya nini na kwa nini.

Vitendo vya sayansi navyo huachwa mpaka Oktoba. Kama maabara yenu ina vifaa vichache, mwombeni mwalimu awapangie zamu kuanzia Agosti. Kuchora jedwali la matokeo, kuandika vizio na kuchora grafu mnaweza kujizoeza bila kifaa chochote, na alama nyingi ziko humo.

## Kikundi cha kujisomea

Kinafaa kikiwa na watu watatu hadi watano, wenye kazi maalumu. Kila mmoja aje ameandaa kipengele chake na akifundishe ubaoni bila daftari. Wengine waulize. Anayefundisha ndiye anayenufaika zaidi, kwa hiyo mpe nafasi hata yule mnayemwona mzito.

Kikundi kinakuwa hasara pale mmoja anaposoma kwa sauti na wengine wanaitikia, pale mnapokutana kabla ya mtu kujisomea peke yake, au pale saa ya kwanza inapokwisha kwa kusubiriana. Ukiona hivyo wiki mbili mfululizo, aga kwa upole ukasome.

## Nyumbani kukiwa na kazi

Barua nyingi za wanaolemewa na kazi za nyumbani zinatoka kwa wasichana. Kaka yake, naye mtahiniwa, yuko kibarazani na daftari; yeye yuko jikoni. Wazazi, hilo liko mikononi mwenu. Vyombo havimjui mvulana wala msichana, na hii ni miezi michache tu. Gawanyeni zamu.

Nawe, usinung'unike wala usisusie kazi. Omba jambo mahususi: "Mama, shikamoo. Naomba kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu usiku nisitumwe, mpaka Novemba. Vyombo nitaosha alfajiri." Mzazi anayepewa saa na mwisho wake anakubali kwa wepesi kuliko anayeambiwa "mnanionea, sina muda wa kusoma." Akikataa, mwombe shangazi, mjomba au mwalimu wa darasa akusemee.

Nyumbani kukiwa na kelele, baki shuleni saa moja baada ya kengele. Kama taa ni shida, weka kazi za kuandika mchana na alfajiri, na usiku jisemee kimoyomoyo hoja ulizoandika.

## Ari ikikata

Mnaniuliza namna ya kupata ari, kana kwamba ni lazima ije kwanza ndipo ukae kusoma. Kwa wengi inakuja dakika kumi baada ya kuanza. Kwa hiyo siku ambayo mwili hautaki, jiahidi swali moja tu. Liandike. Mara nyingi utaandika la pili. Na hata usipoandika, umefanya moja, na kesho huanzi kutoka sifuri.

Tunza karatasi zako za wiki ya kwanza. Mwezi wa pili andika vipengele vile vile na uziweke sambamba. Nimeona wanafunzi waliokuwa wamejikatia tamaa wakibadilika kwa kuona tu karatasi hizo mbili, kwa sababu huo ni ushahidi wa mkono wao wenyewe.

Kwa aliyepata ziro kwenye moku: omba karatasi zako zote ulizosahihishiwa. Pitia kila alama iliyopotea na uiandike kwenye daftari la makosa na sababu yake. Usijilinganishe na wa kwanza darasani. Jilinganishe na karatasi hizo. Kutoka Agosti mpaka Novemba mapema kuna takriban wiki kumi na mbili. Haziwezi kukutoa ziro mpaka A saba, na sitakudanganya. Zinatosha kukufikisha C za masomo matatu kama utayachagua leo na kuyaandika kila siku.

Ukijisikia mzigo umezidi, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii. Hakuna cheti kinacholingana na uhai wako, na mtihani wa kidato cha nne unarudiwa. Kila mwaka watu wengi huufanya kama watahiniwa wa kujitegemea na kuendelea na safari zao.

## Mitego ya Oktoba na Novemba

- "Pepa imevuja." Utatumiwa ujumbe kwenye simu, wanataka pesa. Ni matapeli. Na hata ikiwa kweli, kuhusika na pepa ya kuvuja ni kosa la jinai, na anayekamatwa anafutiwa matokeo yote.
- Utabiri. Mtu wa tuisheni anasema mada fulani "lazima itoke." Ukiacha nyingine kwa ajili yake, umecheza kamari na miaka minne.
- Simu. Mpe mzazi au mlezi kuanzia wiki mbili kabla. Kwenye chumba cha mtihani hairuhusiwi hata ikiwa imezimwa.
- Kuanza mada mpya wiki ya mwisho. Wiki hiyo ni ya kuandika upya unayoyajua na kupitia daftari la makosa.
- Kuandika matusi, nyimbo au maombi kwenye karatasi ya majibu. Wapo waliofutiwa matokeo kwa matusi. Swali likikushinda, andika unachokijua kuhusu mada hiyo.

## Ndani ya chumba cha mtihani

Fika mapema, na vifaa vyako vyote: kalamu mbili za bluu au nyeusi, penseli, rula, seti ya jometri. Andika namba yako ya mtihani, usiandike jina. Soma maelekezo hata kama unadhani unayajua.

Kisha gawa muda. Tenga dakika 15 za kusoma pepa mwanzoni na kuhakiki mwishoni, zibaki 165. Kwa Hisabati, swali la alama 6 lisizidi dakika 10, na la alama 10 lisizidi 16. Kwa Historia yenye Sehemu A ya alama 16, B ya alama 54 yenye maswali sita, na C yenye insha mbili za alama 15: dakika 20 kwa A, dakika 15 kwa kila swali la B, na dakika 27 kwa kila insha. Muda wa swali ukiisha, acha nafasi, songa mbele, utarudi. Watahiniwa wengi wazuri hupoteza insha nzima ya mwisho kwa sababu walijaza kurasa nyingi kwenye ya kwanza.

Anza na maswali unayoyaweza. Kwenye ya kuchagua, usiache hata moja bila herufi.

Pepa ya asubuhi ikiisha, usisimame kwenye duara la wanaolinganisha majibu. Huwezi kubadilisha lolote, na aliye na sauti kubwa si lazima awe ndiye aliyepata. Kula, jinyooshe kivulini nusu saa, kisha pitia ukurasa mmoja wa daftari la makosa wa somo linalofuata. Pepa ya mchana inaanza saa nane. Uwe mlangoni saa saba na nusu.